Faharasa na Ikisiri: Kazi ya Kuamua Andiko Linahusu Nini

Anayetafuta taarifa hajui kama andiko analolihitaji lipo. Na hata kama lipo, hajui mwandishi wake alilitaja jambo hilo kwa maneno gani. Yeye anauliza kuhusu "TB", mwandishi ameandika "kifua kikuu" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na wawili hao hawakutani. Faharasa ipo ili wakutane. Ikisiri inakuja hatua inayofuata: msomaji ameshalifikia andiko, sasa anataka kujua kama alifungue au aendelee kutafuta.

Kazi hizi mbili hufundishwa pamoja katika masomo ya ukutubi kwa sababu zinaanzia mahali pamoja. Mtu analisoma andiko, kisha anaamua linahusu nini na litamfaa nani. Wanaojifunza huhangaika sana na kanuni za alfabeti, alama za uakifishi na idadi ya maneno, lakini faharasa mbovu na ikisiri mbovu huwa zimeshaharibika kabla ya hapo, kwenye uchambuzi. Ukikosea kuelewa andiko linahusu nini, istilahi nzuri na lugha safi hazitalikomboa.

Ili mambo yasibaki hewani, tuchukue makala moja ya kubuni na tuitumie hadi mwisho. Jina lake ni "Chupa Juani". Watafiti walijaza maji ya visima katika chupa angavu za plastiki za lita moja, wakaziweka juani kwa saa sita, kisha wakapima kama bakteria aina ya E. coli wamebaki. Sampuli 50 zilikuwa za maji maangavu, 50 za maji yenye tope, na 50 nyingine za maji yenye tope yaliyotuamishwa na kuchujwa kwa kitambaa kwanza.

Kusoma kwa jicho la mtafutaji

Kiwango cha kimataifa cha ISO 5963 cha mwaka 1985 kinaigawa kazi ya mfaharasishaji katika hatua tatu: kulichunguza andiko na kujua mada yake, kubainisha dhana kuu zilizomo, na kuzieleza dhana hizo kwa istilahi za mfumo unaotumika. Kwa mtu mzoefu hatua hizi huingiliana, lakini anayeanza afanye vizuri kuzitenganisha, kwa sababu kishawishi kikubwa ni kurukia hatua ya tatu: kuona neno kwenye kichwa cha habari na kulinakili.

Hakuna anayetarajiwa kusoma kila neno. Sehemu za kuangaliwa ni jina la andiko, ikisiri kama ipo, yaliyomo, utangulizi, aya za mwanzo za kila sura, picha na majedwali pamoja na maelezo yake, maneno yaliyokolezwa wino, na hitimisho. Jina pekee halitoshi. "Chupa Juani" halitaji maji, bakteria wala kisima. Ikisiri pekee nayo haitoshi, maana mwandishi anaweza kuacha nje jambo ambalo kwa wasomaji wako ndilo lenye thamani zaidi. Jedwali moja linaloonyesha viwango vya tope linaweza kuwa ndiyo sababu ya mhandisi kulitafuta andiko hilo, ingawa mwandishi hakulitaja pale mwanzo.

Wakati wa kusoma, jiulize maswali yaleyale kila mara. Ni kitu gani kinachofanyiwa jambo? Ni jambo gani linafanyika? Linafanywa na nani au kwa nyenzo gani? Wapi, na lini? Linatazamwa kwa mtazamo upi? Maswali ya namna hii si mapya. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyechapisha mfumo wake wa uainishaji mwaka 1933, alizigawa pande za mada yoyote katika makundi matano: kiini cha mada, maada, tendo, mahali na wakati. Kwa makala yetu kitu ni maji ya visima, tendo ni kuua vijidudu, nyenzo ni mwanga wa jua na chupa za plastiki, kinacholengwa ni E. coli, na kizuizi kinachochunguzwa ni tope. Hiyo ya mwisho ndiyo dhana inayosahaulika upesi, ilhali ndiyo kiini cha utafiti wenyewe.

Kisha inakuja kazi ya kukataa. Makala hiyo huenda ina aya moja inayotaja kipindupindu ili kueleza kwa nini maji machafu ni hatari. Je, kipindupindu kiingizwe kwenye faharasa? Kipimo ni hiki: mtu anayetafuta taarifa za kipindupindu akiletewa makala hii, atapata kitu ambacho hakukijua? Hapana. Atasoma sentensi mbili anazozijua na ataona amepotezewa muda. Kutajwa tu si sababu ya kuingizwa. Vilevile istilahi "nishati ya jua" isiwekwe, hata kama jua limetajwa kila ukurasa, kwa kuwa anayetafuta nishati ya jua anataka umeme na paneli.

Kutoka dhana kwenda istilahi

Dhana zikishajulikana, zinahitaji majina. Njia rahisi ni kutumia maneno ya mwandishi mwenyewe. Njia hii ni ya haraka na inakwenda na wakati, kwani neno jipya huingia siku lilipozaliwa. Udhaifu wake ni kwamba mada moja hutawanyika chini ya majina mengi, na jina moja hubeba mada nyingi. Anayetafuta "tai" anaweza kumtaka ndege au lile vazi la shingoni. "Kaa" ni mnyama wa baharini na pia ni kipande cha moto.

Njia ya pili ni msamiati uliodhibitiwa. Hapa kila dhana hupewa istilahi moja teule, na majina mengine yote huelekezwa kwake. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza kutoa orodha ya namna hii, iitwayo MeSH, mwaka 1960, na leo ina zaidi ya istilahi teule 30,000. Orodha iliyokamilika vizuri haiishii kuonyesha visawe, inaonyesha pia uhusiano. Ingizo lake huweza kuonekana hivi:

Maji ya kunywa
Upeo: maji yaliyokusudiwa kunywewa na watu, bila kujali chanzo chake
Tumia badala ya: maji safi na salama
Istilahi pana: maji
Istilahi finyu: maji ya chupa
Istilahi husiani: usafishaji wa maji

Kila mstari hapo una kanuni yake. Uhusiano wa pana na finyu una jaribio dogo: je, kila kilicho chini ni aina ya kilicho juu, pasipo kutoa hata kimoja? Maji ya chupa yote yametengenezwa yanywewe, kwa hiyo yanapita. "Maji ya visima" hayapiti, kwa sababu mengine ni ya kumwagilia au ya viwandani. Ukiyaweka chini ya "maji ya kunywa", anayetafuta maji ya kunywa kwa mapana atamwagiwa makala za umwagiliaji. Kanuni ya pili ni ya kurudishiana: ukiandika kwamba A ni pana kwa B, lazima ingizo la B lionyeshe A. Uhusiano wa upande mmoja ni kosa la kawaida kabisa katika orodha zinazotunzwa kwa mkono, na programu za kutunza orodha huligundua haraka. Mwongozo mkuu wa kimataifa kwa sasa ni ISO 25964, uliotoka kwa sehemu mbili, mwaka 2011 na 2013.

Wakati wa kuchagua, chukua istilahi mahususi kuliko zote inayolitosha andiko. Kanuni hii Charles Cutter, mkutubi wa Marekani, aliiandika kwenye kanuni zake za katalogi mwaka 1876 na haijapitwa na wakati. Makala ya E. coli huingia chini ya E. coli. Haiingii chini ya "bakteria", na wala haiingii chini ya vyote viwili "kwa usalama tu". Wengi huliona hili kama ubahili, lakini lina mantiki: mfumo unaojua kwamba E. coli ni aina ya bakteria unaweza kumpa anayetafuta bakteria yote yaliyo chini yake kwa amri moja. Ukiweka istilahi pana kila mahali, unamnyima anayetaka makala za bakteria kwa ujumla njia ya kuzipata peke yake.

Istilahi ngapi, na kwa gharama gani

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu kweli, na panahitaji utulivu. Kuna maamuzi mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Upana wa ufaharasishaji ni idadi ya dhana za andiko unazoziruhusu kuingia. Umahususi ni ukaribu wa kila istilahi na dhana yenyewe. Unaweza kuwa na istilahi kumi na tano zote za juujuu, au tatu tu zilizonyooka kama mshale.

Matokeo ya maamuzi hayo hupimwa kwa viwango viwili. Chukua mkusanyo wenye maandishi 40 yanayomfaa mtafutaji fulani. Anatafuta, mfumo unampa 50, na kati ya hayo 30 ndiyo yanayomfaa. Kiwango cha upatikanaji ni 30 kwa 40, yaani asilimia 75: robo ya yanayomfaa imebaki gizani. Kiwango cha usahihi ni 30 kwa 50, yaani asilimia 60: katika kila matano anayofungua, mawili ni bure. Majaribio yaliyoongozwa na Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1960, yalionyesha kwamba viwango hivi huelekea kuvutana: ukipandisha kimoja, kingine kwa kawaida hushuka. Ukiongeza dhana, unaongeza upatikanaji na kupunguza usahihi. Ukiongeza umahususi, usahihi unapanda na upatikanaji unapungua.

Kwa hiyo swali la "niweke istilahi ngapi?" halina jibu moja, lakini lina jibu kwa kila kundi la watumiaji. Mwanasheria anayetafuta hukumu zilizotangulia hawezi kumudu kukosa hata moja, basi atavumilia takataka. Mwanafunzi anayetaka makala tatu nzuri leo jioni hajali kukosa nyingine arobaini. Suluhisho moja lenye busara ni kupima uzito: MEDLINE, hifadhidata ya makala za tiba inayotumia orodha ya MeSH, huweka nyota kwenye istilahi za mada kuu, hivyo mtafutaji mwenyewe anaamua kama atafute katika zote au katika zile zenye nyota tu. Kwa makala yetu, usafishaji wa maji kwa jua, maji ya visima na tope vingepata nyota. E. coli na chupa za plastiki vingebaki bila nyota.

Pia tuseme wazi kwamba wafaharasishaji wawili wenye ujuzi hawatachagua istilahi zilezile. Kipimo cha kulingana kwao ni rahisi: gawanya istilahi wanazokubaliana kwa jumla ya istilahi zote tofauti walizotumia. Wakikubaliana nne, mmoja akiwa na tatu za peke yake na mwingine mbili, ni 4 kwa 9, takribani asilimia 44. Matokeo ya chini ya nusu si ajabu katika kazi hii. Lakini kulingana si sawa na kuwa sahihi, maana watu wawili wanaweza kukubaliana kikamilifu juu ya istilahi mbovu. Tofauti nyingi hupunguzwa na sera iliyoandikwa: dhana ngapi, mahali huingizwa lini, aina ya andiko hutajwa vipi.

Mtego mwingine ni wa kuunganisha. Mifumo mingi ya kompyuta huacha istilahi zikae mojamoja, na mtafutaji anaziunganisha mwenyewe wakati wa kutafuta. Mortimer Taube alieneza njia hiyo Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za kadi. Ni njia nyepesi, lakini haitunzi uhusiano kati ya maneno. Istilahi "walimu", "kompyuta" na "mafunzo" haziwezi kutofautisha makala ya kuwafunza walimu kutumia kompyuta na makala ya kuwafunza walimu somo la hisabati kwa njia ya kompyuta. Zote mbili zitatokea. Njia ya zamani zaidi huunganisha mapema, kwa kichwa kizima kama "Kompyuta, mafunzo ya, kwa walimu". Hiyo hutunza maana, ila inamlazimu mtafutaji akisie mpangilio. Penye maandishi mengi yanayofanana, istilahi chache za maneno mawili au matatu zilizofungwa pamoja huokoa zaidi kuliko misururu mirefu.

Faharasa ya nyuma ya kitabu, na Kiswahili chake

Faharasa ya kitabu ina mpaka uliofungwa: inahudumia andiko moja tu. Kanuni zake zipo katika ISO 999 ya mwaka 1996. Kwa kitabu cha kawaida cha maarifa, faharasa huchukua takribani asilimia 3 hadi 5 ya kurasa, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200 hupata kati ya kurasa 6 na 10. Vitabu vya rejea huhitaji zaidi. Kazi ianze kurasa zikishapangwa kwa mwisho. Ukianza mapema na mpangaji akahamisha picha moja, namba zote zinazofuata zinaharibika. Wenye haraka wanaweza kuanza kuandaa vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa kwenye faharasa, bila namba, na hilo halina ubaya.

Kidahizo chenye namba nyingi zisizo na maelezo hakimsaidii mtu. "Maji 4, 9, 17, 23, 31, 48, 66, 90" kinamwambia msomaji afungue kitabu mara nane. Zikizidi tano au sita, zigawe: "maji, kuchuja"; "maji, kutuamisha"; "maji, kupima". Kwa visawe kuna njia mbili. Kama kidahizo kina migawanyo mingi, weka "TB. Tazama kifua kikuu". Kama kina namba moja au mbili tu, zirudie pote pawili, maana kumtuma msomaji ukurasa mwingine kuchukua namba moja ni kumsumbua. Na kagua kila "Tazama" kama inafika mahali. Wakati wa kuhariri, vidahizo hubadilishwa majina, na marejeo yaliyobaki nyuma huelekeza pasipo na kitu.

Kiswahili kina matatizo yake ambayo miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiyatatui. Wingi na umoja hubadilika mwanzoni mwa neno, hivyo "mti" na "miti" hubaki chini ya herufi moja, lakini "kijiji" na "vijiji" hukaa mbali kabisa, na "ukuta" na "kuta" vilevile. Amua mapema umbo moja na ulishike. Vitu vinavyohesabika huweza kukaa katika wingi, dhana dhahania katika umoja, na pale umbo lingine linapotazamiwa kutafutwa, weka "Tazama". Majina ya vitendo nayo huleta msongamano: ukitumia kitenzi, kila kitu kinajazana chini ya "ku", ukitumia nomino, kinajazana chini ya "u": usafishaji, uchujaji, upimaji, utunzaji. Msomaji anayejali maji hatapekua herufi U nzima. Kwa hiyo nomino ya kitu itangulie, tendo lifuate: "maji, usafishaji wa". Hii ndiyo hatua moja inayoiboresha faharasa ya Kiswahili kuliko nyingine zote.

Mpangilio wa alfabeti nao una njia mbili. Kwa kufuata neno baada ya neno, tunapata "maji", "maji taka", "majira". Kwa kufuata herufi baada ya herufi bila kujali nafasi, tunapata "maji", "majira", "maji taka". Zote zinakubalika. Kisichokubalika ni kuzichanganya ndani ya faharasa moja, jambo linalotokea sana pale mkono na programu vinapofanya kazi kwa zamu.

Kompyuta inapofaharasisha

Kompyuta huunda faharasa kwa kuligeuza andiko: badala ya andiko kuorodhesha maneno yake, kila neno huorodhesha maandishi yaliyolibeba. Maneno kama "na", "ya" na "kwa" huachwa au kupewa uzito mdogo. Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba idadi ya kutokea kwa neno ndani ya andiko ni dalili ya umuhimu wake. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa kompyuta wa Uingereza, akaongeza upande wa pili: neno linalopatikana katika maandishi machache ya mkusanyo lina nguvu zaidi ya kutofautisha.

Tuone kwa namba. Mkusanyo una maandishi 10,000. "Tope" lipo katika 100. Gawanya 10,000 kwa 100, chukua logi ya kizio cha kumi, unapata 2. Likitokea mara 5 katika andiko letu, uzito wake ni 5 mara 2, yaani 10. "Maji" likiwa katika maandishi 5,000, logi ya 2 ni takribani 0.3, na hata likitokea mara 20 uzito wake ni 6 tu. "Na" likiwamo katika yote 10,000, logi ya 1 ni sifuri, kwa hiyo linajifuta lenyewe. Hivyo mashine inatambua kwamba tope ni muhimu kuliko maji bila kuelewa lolote kuhusu visima.

Kwa Kiswahili hatua ya kupunguza neno hadi shina lake ina uzito mkubwa. Kiingereza hukatwa zaidi mwishoni, sisi tunakata pande zote mbili. "Walifundishwa", "tunafundisha", "ufundishaji" na "mafundisho" vinapaswa kukutana. Programu isiyokata viambishi awali itaviona kama maneno manne yasiyojuana, na mtafutaji atapata robo ya anachostahili. Ukikata kupita kiasi, "fundi" wa bomba anaingia darasani pamoja na mwalimu. Mahali ambapo hakuna kichanganuzi kizuri cha mofolojia, istilahi chache zinazowekwa na binadamu zinaziba pengo kubwa kuliko zinavyofanya kwa Kiingereza.

Mashine zimesonga mbele sana. MEDLINE ilihamia ufaharasishaji wa kiotomatiki mwaka 2022, huku wataalamu wakibaki kupitia na kusahihisha pale inapohitajika. Kazi ya mtu imehamia kwenye ukaguzi, na mkaguzi asiyejua kanuni za uchambuzi hana cha kukagulia.

Ikisiri

Ikisiri ni maelezo mafupi na sahihi ya andiko, yanayojitegemea. Haiwi sawa na muhtasari unaowekwa mwishoni mwa sura, kwa sababu muhtasari huo unaandikiwa mtu aliyekwisha kusoma, na ikisiri inaandikiwa mtu ambaye huenda hatasoma kabisa.

Kuna aina kuu mbili. Ikisiri elekezi husema andiko linashughulikia nini, nayo inafaa vitabu, tahakiki na makala za maoni, ambapo hakuna matokeo ya kuripoti. Ikisiri arifu hubeba lengo, mbinu, matokeo na hitimisho lenyewe, na inafaa ripoti za utafiti. Tofauti inaonekana mara moja. Hii ni ya kuelekeza:

"Makala inachunguza matumizi ya mwanga wa jua katika kusafisha maji ya visima na inajadili athari za tope. Mapendekezo yametolewa."

Na hii ni ya kuarifu:

"Utafiti ulilenga kujua kama tope hupunguza uwezo wa mwanga wa jua kuua E. coli katika maji ya visima. Chupa angavu za plastiki za lita moja ziliwekwa juani kwa saa sita: 50 za maji maangavu, 50 za maji yenye tope, na 50 za maji yenye tope yaliyotuamishwa na kuchujwa kwa kitambaa. E. coli hawakuonekana katika chupa 48 za maji maangavu, 21 za maji yenye tope na 41 za maji yaliyochujwa. Kutuamisha na kuchuja kabla ya kuweka juani kunapunguza sehemu kubwa ya athari ya tope, lakini hakuiondoi yote."

Ya pili ina maneno yasiyofika tisini, na tayari mhandisi, muuguzi au mwanafunzi anajua kama anahitaji makala nzima. Ya kwanza imemwacha alipokuwa. "Mapendekezo yametolewa" ni maneno yaliyoiba nafasi ya pendekezo lenyewe.

ISO 214 ya mwaka 1976 inapendekeza ikisiri ya makala isizidi maneno 250, ya taarifa fupi isizidi 100, na ya ripoti ndefu au tasnifu isizidi 500, ikiwezekana ikae kwenye ukurasa mmoja. Mgawanyo mzuri wa makala ya utafiti ni sentensi moja au mbili za lengo, mbili au tatu za mbinu, nne au tano za matokeo, na moja au mbili za hitimisho. Wanaoanza hugeuza mgawanyo huo: nusu nzima inakwenda kwenye usuli, "maji ni uhai wa binadamu", na matokeo yanabanwa mwishoni bila namba. Usuli ukatwe kwanza. Msomaji aliyetafuta usafishaji wa maji hahitaji kuambiwa umuhimu wa maji.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu: soma andiko lote mara moja, weka alama kwenye sentensi zenye lengo, mbinu, matokeo na hitimisho, kisha andika rasimu bila kulitazama. Kunakili sentensi za mwandishi na kuziunganisha huzaa ikisiri yenye viwakilishi visivyo na mwenyewe: "hali hii", "njia iliyotajwa". Baada ya rasimu, rudi kwenye andiko na ulinganishe kila namba, kila kipimo na kila jina. Kisha punguza maneno. Sentensi inayorudia jina la makala iondoke. "Makala hii inajadili kwamba" iondoke, baki na kinachosemwa. Mbinu na matokeo yaandikwe kwa wakati uliopita, hitimisho kwa wakati uliopo. Vifupisho vifafanuliwe mara ya kwanza. Majedwali, picha na marejeo ya vitabu yasiwemo.

Kosa zito kuliko yote ni kuongeza au kukuza. Andiko likisema tope "linahusiana na" kupungua kwa ufanisi, ikisiri haina ruhusa ya kusema "linasababisha". Matokeo yaliyoshindwa nayo yasifichwe: chupa tisa zilizobaki na bakteria hata baada ya kuchujwa ni taarifa ya uhai na afya kwa atakayefuata ushauri huo. Katika tiba, tatizo hili lilichangia kuzaliwa kwa ikisiri zenye vichwa vidogo vya lazima, zilizopendekezwa katika jarida la Annals of Internal Medicine mwaka 1987. Mwandishi anayelazimika kujaza kichwa cha "Matokeo" hawezi kupita bila kuyataja.

Mwishoni weka ikisiri na istilahi ubavuni mwa kila mmoja. Mifumo mingi hutafuta ndani ya vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo kisawe kilichokataliwa kwenye istilahi kinaweza kupata nafasi yake ndani ya ikisiri: istilahi ikiwa "usafishaji wa maji kwa jua", ikisiri inaweza kusema "kuua vijidudu kwa mwanga wa jua". Kama istilahi yenye nyota haina hata sentensi moja inayoihusu kwenye ikisiri, kimojawapo kimekosewa, na inabidi andiko lifunguliwe tena.